Picha Kwenye Kioo cha Printa

Mama mkwe wangu alipokifungua kitabu chake cha sala kwa mara ya tatu asubuhi ya leo, akakikung'uta kurasa zikitazama chini, mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikwisha kung'aa.

"Mama Adelard," akaniita, "hivi kweli hujamwona Kamugisha wangu?"

"Sijamwona, mama."

Ilikuwa siku ya kumi na moja nasema uongo huo, na sasa ulikuwa unatoka bila hata kukwama kooni.

Kamugisha ni mtoto wake wa kwanza. Alifariki kwa surua huko Bukoba akiwa na miaka minne, kabla mume wangu Projestus hajazaliwa. Imebaki picha moja tu, mtoto kasimamishwa juu ya kiti cha studio, shati la kuazima linamfika magotini. Inakaa ndani ya kitabu cha sala, na mama huibusu kila asubuhi kabla ya chai.

Mimi ndiye niliyeichukua. Si kwa ubaya, ni kiherehere. Nilitaka kuikuza, niiweke kwenye fremu, nimpe siku ya Pasaka, ukoo mzima uone kwamba mkaza mwana wa Kinyakyusa naye ana moyo. Nina printa sebuleni, ile inayoskani pia, naitumia kwa mitihani ya shule. Nikailaza picha kifudifudi kwenye kioo, nikabonyeza. Mashine ikakoroma, taa nyekundu ikawaka, ikadai karatasi imekwama. Karatasi gani, wakati haikuwemo hata moja? Nikaizaba kofi. Mara umeme ukakatika. Nikashusha mfuniko, picha humohumo, nikaenda zangu kazini.

Usiku wake ikanyesha. Nyumba zetu za huku Boko, pembezoni mwa jiji, tunahamia kabla hazijaisha, na bati letu linavuja palepale ilipo printa. Nilipofunua baada ya siku mbili, picha ilikuwa imegandia kwenye kioo. Nikaivuta kona, na kona ikabaki mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilishusha mfuniko. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nimewaandikisha watoto wa watu methali hiyo darasani miaka tisa.

Nilitegemea mama amshuku mtu: watoto, mimi, dada wa kazi tuliyekuwa naye zamani. Hakumshuku yeyote. Alijishuku mwenyewe. Akaanza kujiandika kwa kalamu kiganjani vitu asivyotaka kusahau: dawa ya presha, siku ya sala ya jumuiya, jina la mtaa wetu. Akaacha kwenda kununua dagaa, eti atapotea njia. Juzi akamwambia Projestus, "Nipeleke hospitali wanipime kichwa. Kama ndio ugonjwa wa kusahau, nirudisheni Bukoba mapema, kabla sijawasahau na ninyi." Projestus hakulala usiku ule. Nilimsikia akigeukageuka, nami nikajifanya nimelala. Nilijichukia.

Basi leo wametoka saa mbili kwenda hospitali, na saa tatu nilikuwa na fundi Albano sebuleni, Mmakonde wa Newala mwenye kibanda pale Tegeta. Nikamweleza yote. Mtu asiyekujua ni rahisi kumwambia.

"Sista, usiivute tena," alisema. "Ishakupa onyo, hiyo kona."

"Tukiilowesha?"

"Picha ya kale hii. Rangi inaweza ikaondoka na maji. Mie sithubutu."

"Basi kitoe kioo chenyewe."

"Kimebanwa kwa gundi tangu kiwandani. Nikikilazimisha kinapasuka, na yeye humohumo." Akakuna kidevu. "Lakini we si ulitaka kuiskani? Imelala palepale panapotakiwa. Tuiponye mashine kwanza, iskani hivyohivyo. Tukishaupata uso, mengine baadaye."

Nusura nimkumbatie. Ila mashine ilikuwa haitaki kuskani, haitaki kuprinti, haitaki lolote mpaka iridhike kwamba karatasi haijakwama. Albano akatoa trei, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Hakukuwa na karatasi. Akazungusha rola kwa kidole, zikazunguka vizuri. Akaanza kufungua skrubu. Nikawa nasimama, nakaa, nachungulia getini, narudi. Mpaka akaniomba, kwa heshima zote, nikapike chai.

"Njoo uone ishu yenyewe," akaniita baadaye. Alinionyesha utepe mwembamba wa plastiki uliokatiza ndani ya mashine, umetapakaa wino uliochanganyika na maji. "Huu ndio unaoiambia mashine sehemu ya wino iko wapi. Una vistari vidogo, inavisoma ikienda na kurudi. Vikichafuka, haijijui ilipo. Inaona bora iseme imekwama."

"Kwa hiyo imeharibika?"

"Wala. Nzima kabisa. Imechafuliwa tu."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwona mama akilini mwangu, na kiganja chake kilichojaa wino, nikaanza kulia. Albano akadhani naililia printa.

"Sista, jamani, hata mpya zipo!"

Akaufuta utepe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, taratibu, toka huku hadi kule. Akawasha. Taa nyekundu. Akafuta tena. Nyekundu. Simu yangu ikalia, ujumbe wa Projestus: *Tumemaliza, tunakaribia.* Albano akafuta mara ya tatu, akaukausha, akawasha. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, taa ikawa ya kijani.

Nikabonyeza. Mwanga ukatambaa chini ya mfuniko. Kwenye kompyuta vikatokea viatu kwanza, kisha shati lile, kisha uso. Kona moja haikuwepo na doa la wino lilikuwa karibu na sikio, lakini uso ulikuwa mzima, macho yakimwangalia mpiga picha kwa mashaka. Tukaiprinti. Ikatoka na mistari myeupe, kwa sababu matundu ya wino yalikuwa bado yameziba, lakini ni yeye.

Geti likalia.

"Nifunike?" Albano aliuliza, mkono kwenye mfuniko.

"Acha wazi."

Mama aliingia akimtangulia Projestus, akaitikia shikamoo ya fundi bila kumtazama, akajitupa kwenye kochi. "Daktari kanichoresha saa ya ukutani apime kumbukumbu," alisema. "Eti niko vizuri, ila nirudi wanipige picha ya kichwa. Vizuri gani? Mtu aliyempoteza mtoto wake mara mbili?"

"Hukumpoteza, mama." Nikapiga magoti, nikampa karatasi ile. "Mimi ndiye niliyemchukua. Amegandia kwenye kioo pale. Nimekuwa nakudanganya."

"Bupe!" Projestus akanifokea kwa jina langu. Mama akamnyamazisha kwa mkono.

Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Kwa hiyo nilikuwa nimeiweka kitabuni?"

"Ulikuwa umeiweka, mama."

"Ukurasa gani?"

"Wa litania."

"Ya Bikira Maria."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua!" Akajipiga paja, sauti ikamkatika. "Nilijua niliiweka pale!" Akalia, huku anacheka, karatasi kaikumbatia kifuani. Nikasubiri kofi langu. Nililitaka.

"Ungeniambia siku ileile," alisema hatimaye, "ningekuzaba kibao kimoja, tukanywa chai. Siku kumi na moja, Mama Adelard. Siku kumi na moja nimekuwa najiaga mwenyewe."

Akainuka, akaenda kwenye printa, akaweka kidole pale kona ilipokuwa, wala hakujaribu kuivuta picha. Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kukisugua kiganja. Wino ulikuwa mgumu kutoka.

Nikamletea sabuni.