Akina Nzai Wawili

Tasneem binti Abdulhadi wa Mambrui hakuwa mzembe. Nasema mapema, maana sisi kwa kuhukumu wenzetu hatujambo. Miaka tisa aliketi nyuma ya hadubini katika maabara ya hospitali moja huko Kilifi, akichungua vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, visivyozidi punje ya mchele, na hakuna daktari aliyewahi kumrudishia jibu kwa kosa.

Alhamisi moja zilikuja chupa mbili zilizoandikwa “Nzai”. Namba zilikuwa zimefutwa na spiriti. Fomu nazo zilifanana: mtoto wa miezi mitatu, tumbo limejaa, choo hakitoki. Tasneem akadhani ya pili ni nakala. Kwao Mambrui, nani huyo atakayeita watoto wawili wa ukoo mmoja jina moja, wa rika moja, wagonjwa siku moja? Akahesabu mtoto mmoja, aliyekatwa kinyama juu na chini ya utumbo. Kinyama kimoja kilikuwa na seli za neva, kubwakubwa, zimejikusanya baina ya tabaka mbili za misuli kama zipasavyo. Cha pili hakikuwa na hata moja. Akaandika kwamba utumbo wa juu ni mzima, wa chini hauna neva wala hauwezi kusukuma choo, ukatwe.

Jumatatu asubuhi akatoka na kikombe chake cha chai. Nje ya chumba cha upasuaji walikaa wanawake wawili, Kadii na Jedida, walioolewa na ndugu wawili wa Ganze. Kadii alikuwa mikono mitupu, leso ameiuma menoni. Jedida alikuwa akimbembeleza mtoto.

“Nyamaza, Nzai. Mwenzio yuko ndani.”

Tasneem akasimama. “Huyu naye ni Nzai?”

“Eeh! Si jina la babu yao? Kila mwanawe akipata kifungua mimba wa kiume, ni Nzai. Kwetu ukiita Nzai wanageuka watano.”

“Na huyu alikatwa kinyama?”

“Siku ile ile, dada. Ila majibu yake wanasema hayaonekani.”

Ewe Mola! Chai ilimmwagikia Tasneem juu ya viatu. Alikimbia mpaka mlangoni akagonga kwa ngumi mbili, akapiga kelele kwamba jibu ni la watoto wawili, na kwamba hajui nani ni nani.

Daktari Gharib akajibu kutoka ndani. “Nimeshampasua tumbo, Tasneem.” Kisha akasema, “Utumbo sijaugusa. Nakukatia kinyama kipya. Fanya haraka.”

Tasneem akakikimbiza maabara, akakigandisha, akakikata vipande vyembamba, akavitia rangi. Kioo cha kwanza kilimponyoka kikavunjika. Katika cha pili akatafuta baina ya misuli, kulia, kushoto, asione kitu. Pumzi ikamshuka. Yarabi, zisiwepo, akaomba. Zisiwepo kabisa, niwe sikukosea.

Hapo ndipo alipojisikia. Lahaula! Alikuwa akimwombea mtoto wa watu maradhi ili yeye asalimike. Aliona haya, na hofu ikamzidi maradufu, maana sasa hakuliamini hata jicho lake. Akakirudia kioo kile upya, polepole, kisha akatia cha tatu.

Zilikuwapo. Moja, kisha tatu pamoja, kisha fundo zima, wazi kabisa.

Akainua simu. “Neva ziko, daktari. Huyu ni mzima. Mfunge.”

Angeweza kubaki ndani, na ningekuwa mimi ningejifungia. Yeye alitoka. Alichuchumaa mbele ya Kadii, akamwambia yote: alizihesabu chupa mbili kuwa za mtoto mmoja, mtoto wake hana ugonjwa ule, tumbo limepasuliwa bure, na kosa ni lake Tasneem, si la mwingine.

Kadii alimzaba kofi. Kisha akalia, akacheka, akamrukia Jedida shingoni. “Mwanangu mzima! Umesikia, Jedida? Hana kitu!”

Jedida naye akacheka, akampigapiga mgongoni, akasema ahsante Mungu. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Chupa zilikuwa mbili. Akamtazama Tasneem aliyekuwa bado chini, shavu limemvimba, na Tasneem akashindwa kuyainua macho.

Jedida akamvuta mwanawe kifuani, akalifunika lile tumbo lililojaa kwa viganja vyote viwili.

“Basi ni wangu,” akasema.