Mchoro wa Kusindikiza

Kila mteja aliyepanda ngazi za ofisi ile alionyeshwa michoro mitatu ya nembo, si miwili wala minne. Wa kwanza ulikuwa wa kumshtua kidogo, ili aone kwamba watu aliowapa kazi wana mawazo ya mbali. Wa pili ndio uliokuwa kazi yenyewe, ule ambao ofisi ilitaka auchague. Wa tatu waliuita msindikizaji. Kazi yake ilikuwa ile ya shoga anayesimamishwa karibu na bibi harusi akiwa amevaa vibaya: kumpendezesha mwenzake, kisha arudi kwao.

Msindikizaji hakuchorwa ovyo. Akiwa mbaya kupita kiasi, mteja anahisi anachezewa. Akiwa na uzuri hata chembe, anaweza kuchaguliwa, na ofisi ikalazimika kukutana naye barabarani kwa miaka. Ilitakiwa awe mbaya kwa namna ambayo mteja ataigundua mwenyewe na kujiona mjuzi.

Mbunifu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Tangu aajiriwe, hakuna msindikizaji wake hata mmoja aliyewahi kuchaguliwa, na Bosi alipenda kulisema hilo mbele ya watu kana kwamba ni shahada. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilifika ghorofani kabla ya wateja. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kioo na ukuta mmoja wa rangi ya chungwa, palipotundikwa kazi zilizokamilika. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha, na mbunifu. Mtu wa tatu ndani ya ofisi alikuwa Kasuku, aliyeshughulika na wateja. Hilo lilikuwa jina la utani, naye alilichukua kama sifa.

Mwenye kiwanda cha unga alipokuja kutaka sura mpya ya mifuko yake, mbunifu alihangaika na mchoro wa pili wiki nzima. Asubuhi ya kuuonyesha alikuwa bado hajagusa wa tatu. Alifungua picha za simu yake akitafuta kitu kibaya cha haraka, akasimama kwenye picha ya ukuta wa saluni ya mtaani kwao. Ukuta ule ulikuwa umeandikwa na mjomba wake.

Mjomba, mdogo wa mama yake, alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalisomeka kwa mkono wake. Herufi zake zilikuwa nene chini, kama watu waliokaa kitako; mkia wa R ulinyooka mpaka chini ya herufi inayofuata; na kivuli chake kilikuwa upande wa kushoto. Wachora mabango wengine wote waliweka kivuli kulia. Mjomba alitumia mkono wa kushoto, na kivuli kilimjia hivyo. Alipoambiwa amekosea, alijibu kwamba jua lake linachomoza upande mwingine. Mbunifu, akiwa bado mtoto wa shule, ndiye aliyekuwa akijaza vivuli vile kwa brashi ndogo, huku mjomba akimsimamia na kumwambia, "Polepole, mama. Kivuli ndicho kinachomshika mtu macho."

Alizifuatisha herufi zile kwenye kompyuta, akazipanga zikawa jina la unga, akachapisha kabla chai yake haijapoa.

Bosi alikuwa na tabia ya kufumba macho akionyeshwa kitu kipya, kisha kufumbua jicho moja kwanza. Alifumbua jicho moja, akapasuka kwa kicheko.

"Hii umeitoa wapi? Ina kitambi!"

"Na huu mkia," alisema Kasuku, akiufuata kwa kidole. "Huyu R amekanyagwa nini?"

"Nimeitoa ukutani," alisema mbunifu, naye akacheka. Hakucheka kwa kulazimishwa. Siku ile, kwa macho ya ofisi ile, zilimchekesha kweli.

Mwenye kiwanda alikuja na dada yake mkubwa, mwanamke mkimya aliyeweka mkoba wake mapajani muda wote. Kasuku alieleza mchoro wa kwanza, akaeleza wa pili kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayefunua siri. Wa tatu aliuweka mezani bila maneno, kama ilivyokuwa desturi. Dada mtu aliinama. Mkono wake ukatoka kwenye mkoba kwa mara ya kwanza.

"Huu," alisema.

"Dada, ngoja amalize kueleza."

"Amalize nini? Huu ni unga. Ile mingine miwili ni benki."

Mwenye kiwanda aliutazama, akamtazama dada yake, akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kweli bwana. Huu naujua. Sijui naujulia wapi, lakini naujua."

Kama si Kasuku, kazi ingeharibika hapo. "Tulikuwa tunasubiri muuone wenyewe," alisema. "Mbunifu wetu amezunguka mitaani miezi kadhaa akitafuta mkono wa watu. Tukaona tuuweke mwisho, usiwazibe macho."

Bosi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mbunifu alitazama kioo cha meza.

Mteja alitaka herufi zote, A mpaka Z, ziwe mali ya kiwanda peke yake, na alitaka neno la ofisi kwamba zimebuniwa hapo na si kwingine. Wageni walipoondoka, mbunifu alimfuata Bosi.

"Bosi, mkono ule ni wa mjomba wangu. Yuko hai, bado anachora. Si tungemtaja tu?"

"Mjomba wako ana kampuni?"

"Ana brashi."

"Basi sikiliza, dada yangu. Tukimtaja, mteja atauliza kwa nini alikuja kwetu. Na wewe nimekwisha kukuahidi uongoze wabunifu nitakapoongeza watu. Nitamwambia nani kwamba kiongozi wangu ananakili kuta? Wewe si damu yake? Basi ni kitu cha ukoo. Hakijaenda mbali."

Hoja ile ilikuwa dhaifu, na mbunifu aliuona udhaifu wake wote. Alirudi chumba cha nyuma akachora alfabeti nzima. Zile herufi ambazo hakuwa na picha zake alizitoa kichwani, na hazikumpa taabu hata moja.

Mifuko mipya ilitoka, ikajaa madukani. Wa kwanza kufurahi alikuwa Mjomba. Alinunua mfuko, akauleta nyumbani kwa dada yake, akauweka mezani mbele ya mbunifu na mama yake.

"Tazameni! Kuna mtu kiwandani kaniiga. Mpaka kivuli! Sasa mtu akikuiga mpaka kosa lako, huyo amekukubali."

"Mjomba, pengine imetokea tu."

"Imetokea tu? Mama, wewe umesoma haya mambo. Mtu mwingine wa mkono wa kushoto, mwenye R kama hii, atatokea wapi?" Alikuwa anacheka. "Dada, pika unga wangu huo."

Mbunifu alikula. Alikuwa na jioni nzima ya kusema, na watu wawili waliompenda wa kuwaambia. Aliosha vyombo.

Furaha ile haikudumu. Mwenye saluni, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo usio na kinyongo, ndiye aliyeanza kulalamika.

"Mzee, tangu jana watu wawili wameingia kuniulizia unga. Mimi nasuka nywele! Nifutie hiyo kitu, uniandikie nyingine."

"Lakini ukuta wako ulitangulia, binti. Unga ndio uliokuja nyuma."

"Najua mzee. Nani mwingine anajua?"

Fundi wa magari alimwambia, bila hata kushusha boneti, kwamba hataki gereji yake ifanane na mfuko wa jikoni. Muuza vipuri alikwenda mbali zaidi: alimshauri, kwa upole kabisa, aache kuiga vitu vya makampuni, atakuja kushtakiwa. Kisha wakapita vijana wa mauzo wa kiwanda, wamevaa fulana zenye kitambi kilekile na mkia uleule, wakamwomba mwenye duka la viatu afute ukuta wake kwa sababu unawachanganya wateja. Walikuwa na adabu. Walikuja na rangi nyeupe yao wenyewe.

Ndipo Mjomba alipovaa shati lake la kutokea, akaenda ofisini kwa mpwa wake. Hakwenda kumlaumu mtu. Alikwenda kwa mtaalamu wa familia kuomba msaada: mtu aliyesoma, wa kuwaambia wale wa kiwanda kwa lugha yao kwamba mkono ule una mwenyewe.

Mbunifu alikuwa chumba cha nyuma, mashine ya kuchapisha ikinguruma. Kasuku alimpokea mgeni.

"Karibu mzee wetu, shikamoo. Mjomba wa mbunifu? Basi wewe ni wa nyumbani! Kaa, kaa. Anakuja sasa hivi. Umewahi kuona kazi zake?"

Akampeleka kwenye ukuta wa chungwa. Pale, ndani ya fremu moja pana, ilitundikwa michoro yote mitatu ya unga. Bosi ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa sababu kila mgeni aliposimuliwa kisa chake alicheka.

Mashine iliponyamaza, mbunifu alisikia sauti ya Kasuku ikiwa katikati ya raha zake.

"...kwa hiyo wa tatu, mzee, huwa hatuuzi. Tunamwita msindikizaji. Tunatafuta kitu kibaya makusudi, kibaya hasa, ili mteja akimbilie ule wa pili. Mpwa wako ndiye bingwa wa kutafuta ubaya, hana mpinzani! Sasa hii ndiyo mara ya kwanza msindikizaji kaolewa yeye, bibi harusi kabaki nyumbani."

Mbunifu alifika mlangoni. Mjomba alikuwa amesimama karibu sana na fremu, mkono wa kushoto umeinuliwa, kidole kikifuata kivuli cha herufi juu ya kioo bila kukigusa. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu anayesoma bango kwa mbali.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Bosi alikuwa ametoka kwenye kona yake ya chumba cha mbele, mikono nyuma. "Kuna tatizo, mzee?"

"Hakuna, mwanangu. Nataka kumuuliza mpwa wangu swali moja tu." Alielekeza kidole ukutani. "Hizi herufi ni za nani?"

Kasuku alikuwa ameanza kuelewa, akajifanya anapanga karatasi. Bosi alimtazama mbunifu bila kumtisha. Hakuhitaji kumtisha. Jibu lilikuwa neno moja, na kila mtu chumbani mle alilijua.

"Ni za kiwanda, mjomba," alisema mbunifu.

Kwa mujibu wa makubaliano, ilikuwa kweli.

Mjomba alitikisa kichwa taratibu. "Za kiwanda. Sawa." Akashusha kidole. "Unajua, nilipoziona hapa ukutani nilijisemea kwanza: hata kama ni mwanangu kazichukua, basi kazichukua. Angeniomba ningempa. Nani mwingine nitamwachia? Si na mkono wako umo humo. Hilo lingeisha hapohapo." Akaitazama tena ile fremu. "Lakini wewe ulitafuta kibaya. Ukatafuta mji mzima, mama, ukaja kwangu."

"Mjomba, haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje?"

Alisubiri jibu. Alisubiri kwa haki kabisa, kichwa kimeinama kidogo kama mtu mwenye nia ya kusikia. Mbunifu alifikiria kumwambia habari ya asubuhi ile na haraka aliyokuwa nayo. Alifikiria kumwambia kwamba hakumaanisha. Vyote viwili havikuwa na maana mbele ya karatasi tatu zilizokuwa ukutani, kila moja mahali pake.

"Basi," alisema Mjomba. "Sikuja kugombana, nina kazi. Yule binti wa saluni anataka ukuta mpya. Nichapishie herufi za kompyuta, kubwakubwa, nikazikate nizifuatishe. Zile zilizonyooka."

"Zipi, mjomba? Ziko aina nyingi."

"Zozote. Ziwe na kivuli. Kulia, kama za watu."

Mbunifu alirudi chumba cha nyuma. Alichapisha A mpaka Z, karatasi kwa karatasi, na alipokusanya rundo akagundua kwamba, kwa mazoea, alikuwa amefungua aina tatu kwenye kioo cha kompyuta. Akafunga mbili.

"Mzee asilipe hata senti," alisema Bosi kwa ukarimu. Mjomba akashukuru, akakunja karatasi zake, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Siku chache baadaye mbunifu alipita mbele ya saluni. Ukuta ulikuwa umekamilika. Mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula, herufi zote za kimo kimoja, kivuli kulia. Ilikuwa kazi safi, ya kuweza kutoka katika mkono wa mtu yeyote. Mwenye saluni alimwona, akamwita kwa furaha toka mlangoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Umeona mjomba wako alivyonipendezesha? Tangu juzi hakuna aliyeingia kuniulizia unga."