Nyumba Kumi na Moja Zisizo na Moshi

Kila asubuhi mimi ndiye ninayefungua ofisi ya mipango ya wilaya. Nafagia, nafuta meza, nabandika birika, kisha nafungua dirisha linalotazama mlima na kusubiri ukungu upande. Ukishapanda ndipo naanza kuchapa. Asubuhi hiyo maji yalikuwa hayajachemka mlango ulipogongwa kwa fimbo.

Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Viatu kavishika mkononi, tope limemfika magotini.

"Shikamoo, shangazi. Kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Msiba upo, ila maiti ni sisi wenyewe. Nasikia mmetuzika kwenye karatasi."

Nikamvutia kiti. Alikaa taratibu, akiliteremsha kila goti kama mtu atuaye mtungi. Alitoka kwake jana, akalala njiani kwa watu. Kushuka kutoka mgongo wa tatu wa mlima ni kazi ya siku nzima, na yeye miaka sabini kaipita.

Karatasi aliyoisema ni kitabu cha wilaya. Nilikuwa nakichapa mwezi wa pili sasa: milima na mabonde, historia, watu. Sura ya watu ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa kuwa kijiji kisichomo humo hakitapata daraja, na kitabu kilikuwa kinaondoka saa kumi jioni hiyo na gari la mkoani. Kuhusu kijiji alikoolewa shangazi, nilikuwa nimechapa mstari mmoja: "Makazi yaliyohamwa. Hakuna watu."

Mkuu wangu, ambaye wote tunamwita Bwana Mipango, aliingia akikung'uta mwavuli. Shangazi hakumngoja akae.

"Mwanangu, nani kakwambia tumehama?"

Bwana Mipango akafunua faili. Hana ubaya, amechoka tu, kama sisi sote. "Mama, mhesabu watu namba saba alifika, akaandika hakuna wakazi. Sasa wewe umetoka wapi? Isije ikawa naongea na mzimu."

"Mzimu hauumwi magoti."

Akacheka kidogo, akajifuta uso. "Tatizo siwezi kufuta fomu ya mtu kwa maneno. Labda uniletee barua ya mwenyekiti wa kata na mashahidi wawili."

"Barua hiyo itachukua wiki tatu. Gari linaondoka leo."

"Ndiyo hivyo. Angekuwepo namba saba mwenyewe akasema alikosea, ningebadilisha sasa hivi. Lakini fomu ina namba tu, orodha ya majina iko mkoani, na wengi walikuwa vibarua. Nani atajitokeza ajiharibie kazi?"

Birika likaanza kupiga kelele. Nikainuka kuliepua, nikakaa nalo mkononi bila kumimina.

"Mwaka jana mkwe wangu alijifungulia kwenye mawe," shangazi alisema, "akingoja mto upungue. Mtoto alipona. Wa kabla yake hakupona." Kisha akanigeukia. "Mwambie, mama. Wewe unapajua kwetu. Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni mpaka kule juu."

Nikatazama chini. Tope la miguu yake lilikuwa limeanza kukauka kwenye sakafu niliyotoka kuifagia.

Siku ile ya kuhesabu nilikuwa nimepanda migongo miwili tangu alfajiri. Nilipofika ukingo unaokitazama kijiji, bonde lilikuwa bado mbele yangu: kuteremka mpaka mtoni, kuvuka, kupanda tena. Miguu ikagoma. Nikakaa juu ya jiwe nikahesabu kwa moshi, kama wanavyohesabiana watu wa milimani tangu zamani. Ukiona moshi, pale pana jiko, penye jiko pana watu. Adhuhuri ile, juu ya nyumba zote kumi na moja sikuona hata uzi mmoja. Nikajiambia wamehama, maana wengi huhama, nikaandika.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeichapa sura ya historia! Humo mna habari ya mababu wa kijiji kile kile: walipofuatwa wanaume wa kubeba mizigo ya vita, walizima majiko siku tisa, wahesabu wakatazama kutoka ng'ambo, wakapita. Nilichapa nikitabasamu. Sikukumbuka kuwa palizi ikianza, watu wa kule hupanda kwenda mashamba ya juu na viporo vyao, na jiko haliwashwi mpaka jioni. Shangazi alinifundisha hilo nikiwa mgongoni kwake. Lilinijia akilini wiki moja baadaye, nikalimeza, kwa sababu mkataba wangu unaisha mwezi huu na bado haujaongezwa.

"Basi," shangazi akasema, akiitafuta fimbo yake. "Tumwachie Mungu. Mwanangu huyu mpole, msimsumbue. Angekuwa yeye aliyehesabu, angefika. Nisindikize mpaka nje tu, mama."

Akaanza kuinuka, goti moja, halafu la pili. Bwana Mipango alikuwa keshafunga faili.

Nikatua birika.

"Shangazi, kaa," nikasema. "Mimi ndiye namba saba. Sikufika kwenu. Nilichoka, nikawahesabu kwa moshi kutoka ng'ambo, nikaogopa kusema. Bwana Mipango, fungua faili uandike: nyumba kumi na moja, na watu wamo."