Mbegu za Kwenda Sayari Mpya

Mwaka ule wa 1930 mahindi yalitukubali sana, na posa nazo hazikukauka mlangoni kwetu. Ya Damiano niliikataa kabla mshenga hajakaa vizuri kitini. Si kwamba kijana alikuwa mbaya. Alikuwa mchapakazi na sauti yake kanisani ilitetemesha mabenchi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alipata kazi kwenye migodi ya shaba huko Rodeshia, mbali kabisa kupita Tunduma, na alitaka kuondoka na Priska, binti yangu wa pekee. Niliona wazi yatakayotokea. Nitapata wajukuu wanaosema Kibemba, siku moja wanipite njiani wasijue mimi ni nani. Nikasema hapana.

Kwetu hapa Mbozi, neno la mama halimo mdomoni tu. Vishada vya mahindi ya mbegu huvitundika yeye darini, juu ya meko, moshi uvikinge na wadudu, na mtu mwingine havigusi. Siku akiangua kishada akampa binti mkononi mbele ya mshenga, basi ameozesha. Vyangu nilivilinda vizuri, wala sikuwa na haraka.

Alasiri moja tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, mimi, Priska na mume wangu Fanueli. Akaja mwalimu Jairo wa shule ya misheni, mshenga yule yule wa Damiano. Nikakunja uso mapema. Kumbe posa hakuitaja.

"Mama Priska, mmesikia? Wazungu wameona sayari mpya kwa darubini."

"Ilikuwa imepotelea wapi?"

"Ilikuwepo siku zote, ila iko mbali. Ukipata lori la kwenda angani, lisiloharibika wala kulala, utasafiri zaidi ya miaka elfu kumi. Na hiyo ni ya hapa uani kwetu, inazunguka jua letu hili hili. Nyota zenyewe ziko mbali zaidi, hazina hata mfano."

Fanueli akacheka. Alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, na kila safari huipima kwa mzigo. "Haiwezekani. Sisi tulibeba unga huku tunaula. Ukitaka kwenda mbali zaidi, unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Mkifika, mmeshaumaliza mzigo wote."

Mimi neno "haiwezekani" nikilisikia kwa mume wangu, damu inachemka.

"Kwa sababu mlikwenda wanaume watupu!" nikasema. "Mpelekeni mtu na mkewe. Walime humo humo wanamosafiria, wazae humo humo. Watafika vitukuu wa vitukuu wao."

"Walime wapi, mama?" akauliza mwalimu. "Huko juu hakuna udongo."

"Wabebe kwa matenga!"

"Na mvua?"

"Maji ya kuogea wamwagilie! Nyinyi mnafikiri sisi tunaishije kiangazi?"

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, akachukua hindi moja akaanza kupukuchua. "Sawa. Lakini hao vitukuu watakuwa hawajaona kwao. Watajuaje walikotoka?"

"Kwa mbegu!" Nilikuwa nimeshasimama. "Mtoto akila ugali wa mahindi ya bibi yake amemjua bibi yake, hata kama hajawahi kumwona!" Nikaingia jikoni, nikaangua kishada, nikatoka nacho, nikamkabidhi Priska. "Shika! Binti akiwa na hiki mkononi, aende popote!"

Fanueli alikuwa ameshika hindi, halipukuchui. Mwalimu Jairo akainama, akapiga makofi ya heshima.

"Tumepokea, mama."

"Mmepokea nini? Nilikuwa natoa mfano!"

"Mbele ya mshenga," akasema Fanueli, akajifanya anakohoa.

Nilikasirika kwelikweli. Nikanyoosha mkono nikirudishe kishada changu. Kama Priska angeking'ang'ania, ningempokonya na posa ingekufa pale pale. Hakung'ang'ania. Alikiweka juu ya viganja viwili akaniletea, macho yamejaa machozi.

"Chukua, mama. Sitaki kuondoka kwa bahati mbaya. Ila niambie, ulikuwa unasema kweli, au ulitaka tu kumshinda baba?"

Nilikuwa nimesema kweli. Niliogopa sana, nampenda yule mtoto kuliko roho yangu, na bado nilikuwa nimesema kweli.

Mwalimu Jairo mpaka leo anaapa kwamba alikuja kueleza habari za sayari tu. Simwamini hata kidogo.

Nikarudi jikoni. Nikalia kidogo, kisha nikapanda darini, nikaangua kishada kingine kikubwa kuliko cha kwanza, nikakiweka juu ya kile ambacho Priska alikuwa bado amekishika.

"Kimoja hakitoshi," nikamwambia. "Huko nako kuna panya. Na wajukuu wangu wakiuliza mahindi haya ni ya nani, usije ukawaambia ulinunua dukani."