Mtu Wetu Ikulu

Siku Siyad, ndugu yangu wa tumbo moja, alipoteuliwa mshauri wa Rais, tulichinja ngamia watatu hapa Garissa. Wazee wakapanda basi hadi Nairobi kwenda kushukuru kwa uteuzi. Nami, Arbia muuza maziwa, nikatembea sokoni kifua mbele. Sasa tuna mtu wa kumnong'oneza mkubwa sikioni, ndivyo tulivyosema. Ujinga mtupu.

Mwezi wa pili baada ya uteuzi, wanaume wanne walimchukua mwanangu Deeq mbele ya duka lake la simu, wakamtia kwenye gari lisilo na namba. Kagendo, wakili Mmeru aliyezoea kesi hizi, akaniambia twende mahakamani kesho yake, serikali iamriwe kumleta akiwa hai.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama Deeq."

Lakini kwetu jambo hupelekwa kwa ndugu wa damu kabla ya kupelekwa kwa hakimu. Nikampigia Siyad.

"Abaayo, dada yangu, usiende mahakamani," alisema. "Utamwaibisha Rais, halafu nitasemaje mbele yake? Nipe siku tatu. Nitamwambia mwenyewe."

Nikamwambia Kagendo aache. Akafunga faili. Siku tatu zikawa tisa. Kila nikipiga, mkubwa yuko safarini, mkubwa ana wageni, vumilia. Nikavumilia, mpumbavu mimi.

Siku ya kumi, wachunga mbuzi walimkuta Deeq kwenye matope ya mto Tana, mikono imefungwa nyuma. Nilimtambua kwa meno.

Siyad alikuja matangani na walinzi wawili. Akasimama, akasoma barua ya rambirambi kutoka kwa Rais, maneno matamu, hadi wanawake wakalia upya. Alipomaliza nikamvuta kando ya ua.

"Alipokupa barua hii, ulimwuliza nani alimchukua mwanangu?"

Akatazama chini. "Sijamwona, abaayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyopigwa picha naye, nilipoteuliwa. Sijaitwa tena."

"Na hii barua?"

"Nimeiandika mimi. Ndiyo kazi wanayonipa."

Nilitamani kumzaba kofi. Jirani yangu Khadijo alikuwa amesimama karibu, ameshika picha ya mumewe, aliyechukuliwa juzi. Alikuwa akingoja nimalize, ili naye amwombe Siyad aifikishe kwa Rais. Siyad alishanyoosha mkono kuipokea.

Nikaidaka ile picha, nikamrudishia Khadijo.

"Nenda kwa Kagendo," nikamwambia. "Nenda leo hii."