Kifurushi cha Mafundo Matatu

Fatai alifunga vifurushi vinne asubuhi ya Krismasi, kabla jua la bonde la mizabibu halijaanza kazi yake ya kuchoma watu. Alipanga majani ya magimbi, akatia nyama ya kopo, kitunguu na tui zito, akazungushia foili, kisha akafunga kwa kamba ileile ambayo yeye na mumewe hufungia mizabibu siku za kazi. Fundo moja lilikuwa la Penisimani, mumewe. Mawili yalikuwa yake. Manne yalikuwa ya Tomasi, mtoto wao wa miaka mitatu. Matatu yalikuwa ya Sela.

Desturi hiyo waliianzisha wenyewe mwaka juzi, Krismasi yao ya kwanza mbali na ndugu. Kule Sidney walizoea kula na watu sitini, sahani hazitoshi, na shemeji wanane wanatoa amri jikoni kwa wakati mmoja. Hapa walikuwa wao tu. Ndipo Fatai akabuni mafundo, kila mtu awe na lu yake, yaani kifurushi chake cha majani ya magimbi, yenye alama yake. Penisimani alihesabu vifurushi, akaona vinne, ingawa walikuwa watatu tu na Tomasi bado ananyonya, akajua cha ziada ni cha nani. Cha mafundo matatu kilikaa mezani mpaka jioni bila kufunguliwa. Mwaka jana ikawa vilevile.

Sela alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alipofikisha miezi mitatu, Melenaite, dada mkubwa wa Penisimani ambaye hakujaliwa kuzaa, alikuja na mkeka mzuri, akaketi, akamwomba mtoto. Naam, kuomba ni neno tu. Kwa Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, shangazi ndiye mkubwa kwa watoto wa kaka yake, na akinyoosha mkono hakuna wa kumrudisha mikono mitupu. Fatai alimkabidhi mtoto huku maziwa yakimlowesha kifuani, na watu wakamsifu kwa adabu zake. Sifa hizo hakuwahi kumsamehe hata mmoja wao. Sharti lilikuwa moja: Sela asiambiwe mpaka Melenaite mwenyewe aone wakati umefika.

Miaka minne Fatai alikaa safu ya nyuma kanisani, akimtazama mwanawe akisinzia mapajani mwa mtu mwingine. Halafu akashindwa. "Ama tuhame," alimwambia mumewe, "ama siku moja nitapiga ukunga katikati ya mahubiri." Wakahama, wakaja huku kwenye zabibu.

Na sasa Melenaite alikuwa njiani anakuja kula Krismasi nao, pamoja na Sela, na Fatai alikuwa amejiapiza. Leo Sela ataambiwa nani aliyemzaa.

"Mama Tomasi," alisema Penisimani akiwa amesimama mlangoni, "yule ni dada yangu. Nitamtazamaje usoni?"

"Kwani huwa unamtazama? Tangu unioe, wewe dada yako unamjua kwa viatu vyake."

Penisimani alicheka bila kupenda, kisha akajifuta jasho. "Ukisema, sitakukana. Ila usinitume mimi niseme."

Kwa mwanamume wa Kitonga, ambaye humheshimu dada yake hata kumwinamishia macho, hilo halikuwa jambo dogo. Fatai alilijua, akamshika mkono.

Walifika saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa marufuku kuwasha moto nje kwa sababu ya ukame, kwa hiyo shimo la kuokea chakula alilochimba Penisimani lilibaki tupu na kila kitu kikaokwa jikoni, na jikoni hakukukalika.

"Wifi, umekonda," alisema Melenaite, akijitupa kwenye kiti. "Kaka yangu anakulisha au anakutembeza tu kwenye mizabibu?"

"Tunakula, wifi. Ni vile hapa hakuna wa kutupokonya."

"Haya, ulimi bado upo." Melenaite akacheka mpaka kiti kikalalamika.

Sela alikuwa amerefuka. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, nywele zimepakwa mafuta na kusukwa vizuri mno, kimkeka cha heshima cha Kitonga kimefungwa kiunoni. "Shikamoo, mjomba," alimwambia baba yake mzazi. Penisimani aliitikia marahaba, akatoka kwenda kukagua gari ambalo halikuwa na kasoro yoyote. "Shikamoo, mkaza mjomba." Fatai naye akaitikia. Alishangaa kwamba sauti ilimtoka.

Mezani Sela aliketishwa mbele kabisa. Mtoto wa dada ndiye bwana katika nyumba ya mjomba wake, huchagua anachotaka, naye alilijua hilo na alilifurahia. Melenaite aliwekewa nyama ya nguruwe, sehemu ya mgongo inayomstahili. Kisha Fatai akaleta vifurushi, na Sela, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, akaanza kuhesabu kamba.

"Moja, mjomba. Mawili, wewe. Manne, Tomasi." Akakigusa kilichobaki. "Haya matatu ni ya nani?"

Fatai alikuwa amelisubiri swali hilo miaka sita. Alimtazama Penisimani, naye akiwa ameinamia sahani akatikisa kichwa kidogo kukubali. Alimtazama Melenaite. Mwanamke yule ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alikuwa ameinamisha bilauri bila kujua, na maji ya tikiti yalikuwa yakimwagikia vidoleni.

Sela naye aliona. Alichukua upindo wa gauni lake, akamfuta Melenaite vidole kimoja kimoja. "Umechoka, mama," alisema kwa sauti ya kibibi. "Si nilikwambia tupumzike njiani? Wewe husikii."

Fatai alimtazama mtoto yule. Alikuwa mpole, hana hofu, anapenda na anajua kwamba anapendwa. Moyo wa Fatai ulipasuka, na maneno aliyoyaandaa yakamwishia mdomoni.

"Ni ya mgeni," alisema. "Kila mwaka tunamwekea mgeni."

"Na huwa anakuja?"

"Bado hajawahi."

"Basi leo amekuja. Ni mimi." Sela akafungua, akala lu yote, akaramba tui kwenye foili mpaka kwenye kona. Alipomaliza alifikiri kidogo. "Ila mwakani sitaki cha mgeni. Nataka changu mwenyewe. Nifungie mafundo matano."

Fatai aliiokota ile kamba. Juu ya mafundo matatu akafunga la nne, akafunga la tano, akamvisha mkononi ili asisahau. Sela aliyahesabu yote, akaridhika.

"Asante, mkaza mjomba," alisema, akamshika Tomasi mkono wakatoka nje kuangalia lile shimo.

Melenaite alikuwa analia bila kujificha. "Wifi," alisema. "Asante, wifi."

"Usinishukuru," alisema Fatai. "Kula."

Akaanza kukusanya foili.