Magari Mawili na Nyonga ya Mama

Mwanga wa asubuhi ukiingia nyumbani kwangu huwaangukia nyinyi kwanza. Haupiti jikoni, haupandi ngazi, hauulizi nani kaamka na nani bado. Unapenya ukuta wa kioo, unajilaza juu ya migongo yenu, na mimi nasimama na kikombe mkononi nikiwatazama hadi chai inapoa. Zamani nilikuwa nikiona raha. Siku hizi nasikia kinyaa.

Wewe mwekundu, mwenye farasi kifuani. Wewe wa manjano, mwenye fahali. Mlizaliwa Italia, majirani, mkachukiana kijirani, na kila mmoja akajiona ndiye peke yake aliyepewa miguu na Mungu. Nami nikawaleta chini ya paa moja, kama bwana mpumbavu aliyeoa wake wenza akawaweka chumba kimoja, kisha akatoka barazani kujisifu kwamba kwake kuna amani.

Chumba chenyewe mnakijua. Kilikuwa cha wageni, chumba pekee cha kulala kilichokuwa chini katika nyumba ya ghorofa, na choo chake ubavuni. Nilivunja ukuta nikaweka kioo, nikatoboa lango upande wa barabara, nikatandika vigae vyeupe kutoka dukani kwangu, maana kazi yangu ni kuuza vigae. Nikawafungia kiyoyozi. Choo nikakigeuza stoo ya vitambaa laini na mafuta ya kung'arishia. Mama alipokuja kuona alishika kiuno, akazunguka mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, kwani magari nayo yanasikia joto?"

Nilicheka. Nilimwona mshamba, mama yangu aliyenilea kwa kupiga pasi nguo za watu, miaka thelathini na mmoja amesimama kwenye mvuke wa dobi.

Kusimama huko ndiko kulikoimaliza nyonga yake. Mfupa ulisagika, ikabidi apasuliwe atiwe nyonga ya chuma. Kabla ya siku ya kisu, muuguzi wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alituita mimi na dada yangu. Akatuambia: miezi mitatu asipande ngazi. Alale chumba cha chini, choo kiwe karibu. Na asikae kabisa mahali palipo chini ya magoti yake. Dada aliandika kwenye kiganja. Mimi nilikuwa na simu mkononi, nikitazama picha ya gurudumu.

"Atakuja kwangu," nikasema. Nilisema kwa sauti, watu wasikie. Dada ana vyumba viwili na watoto watatu; mimi nina ghorofa. Mama alifurahi hata akasahau kuogopa. Kila aliyekwenda kumjulia hali alipewa habari hiyo kabla ya kuketi: "Nikitoka hapa naenda kwa mwanangu."

Lakini chumba cha chini kilikuwa chenu. Ili kitanda kiingie, mmoja wenu alipaswa kutoka, fundi asimamishe ukuta wa mbao katikati, na choo kirudi kuwa choo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kutaja jina moja. Nilikuwa na wiki tatu.

Wiki tatu! Mungu aliumba mbingu na ardhi kwa siku sita, akabakiwa na moja ya kupumzika. Mimi wiki tatu nilikuwa nikipima.

Niliketi ndani yako, mwekundu, nikaisikiliza injini yako ikipanda, ikipanda, hadi nywele za shingoni zikasimama. Nikahamia kwako, wa manjano, nikausikia mngurumo ukitambaa ndani ya mbavu. Mwekundu, unaikata kona kama mkasi mpya kwenye kitambaa. Wa manjano, milango yako hufunguka kuelekea juu, na watu sokoni huacha mizani ikining'inia. Mwekundu humtia mtu adabu, wa manjano humtoa. Niliyasema maneno haya kwa sauti, peke yangu, nikizunguka juu ya vigae kwa soksi ili nisiwaachie alama. Kinyaa, nasema. Kinyaa kitupu.

Nikatafuta ushauri. Tuna kundi letu kwenye simu, wanaume kumi na mmoja wenye magari ya jamii yenu, na mle hakuna salamu wala pole, ni farasi na fahali kuanzia alfajiri. Niliandika: "Bi mkubwa anatoka hospitali, inabidi niachie moja. Niachie lipi?"

Majibu yalimiminika. "Achia farasi, mzee. Fahali ndiyo mwanamume." "Thubutu! Fahali ni la watoto waliopata hela juzi." Walibishana siku nne. Walituma picha, walituma video, wawili wakatukanana mpaka wakatoka kundini, wakabembelezwa wakarudi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anaendeleaje, na mimi sikugundua kwamba hakuna aliyeuliza.

Wakati huo mama alikuwa akijifunza kutembea. Hatua tano, kesho yake nane, mikono ikitetemeka juu ya fremu ya kutembelea, jasho likimtiririka kama siku zile za pasi. Haya sikuyaona, nilisimuliwa. Dada ndiye aliyekuwepo. Alinipigia siku moja akaniuliza, "Chumba tayari?"

"Karibu," nikamjibu.

"Nikikaribia nikute kitanda au nikute matairi?"

Nikakata simu. Nikajiambia mtandao ulikuwa mbaya.

Siku ya kutoka ikafika, nanyi mko palepale, mnang'aa. Na mimi nilikuwa na wazo. Loo, wazo lenyewe! Niliona ni busara tupu: mama mwenyewe ataamua. Nitamfuata kwa gari, nimsikilize akipanda, nimsikilize njiani, na litakalompendeza ndilo litakalobaki. Nikajipongeza. Mtoto mwema gani huyu, nikasema, anayemwachia mama yake neno la mwisho. Nikaanza nawe, mwekundu.

Tulipoingia uani mwa hospitali watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mama alikuwa nje ya mlango, kwenye benchi refu la mbao lililonyanyuliwa kwa matofali, amevaa gauni lake la maua, dawa zake zimefungwa vizuri mapajani. Aliponiona alipunga mikono yote miwili. Alipunga kama mtoto aliyekuja kuchukuliwa shule, na nafikiri alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote pale.

Muuguzi alitazama kiti chako, akaitazama nyonga ya mama, akanitazama mimi. Kiti chako kiko chini, mwekundu, si kosa lako, ndivyo ulivyoumbwa. Mtu huingia kwako kama anayejitosa kisimani. Mama alijaribu. Maskini alijaribu, ili nisiaibike mbele za watu. Alishika mlango, akainama kidogo, uso ukamkunjamana, na muuguzi akamdaka kwapani.

"Akikaa humu nyonga itateguka," muuguzi alisema. "Nilikueleza, kaka. Kiti kisiwe chini ya magoti. Huna gari jingine?"

Huna gari jingine. Hebu lisikilizeni swali hilo. Mwanamume mwenye akili timamu angesimamisha teksi. Angemwomba jirani. Angelipa mkokoteni wa magodoro na kumlaza juu. Mimi nilitabasamu.

"Ninalo," nikasema. "Mama, nisubiri hapahapa, usitoke. Narudi sasa hivi."

"Sitoki, mwanangu," akasema.

Nikaenda kukuchukua wewe, wa manjano.

Wewe una kitufe cha kunyanyua pua, nilijiambia, kile cha kuvukia matuta. Pua! Kana kwamba mama yangu angekaa kwenye pua. Na kusema kweli hiyo pua ilikuwa kisingizio. Nilichotaka ni haki itendeke, maana mwekundu alikuwa ameshajaribiwa na wewe bado, na mashindano ya mtu mmoja si mashindano. Nikafika nyumbani. Nikamwingiza mwekundu polepole asije akakwaruzika. Nikakutoa, nikakuwasha, nikangoja upate moto, dakika kumi kamili, sikukuibia hata moja. Kisha nikaona vumbi kwenye kioo chako cha mbele.

Nikalifuta. Mama yangu yuko juani na mimi nafuta vumbi. Nililifuta kwa kitambaa laini, kwa duara ndogondogo, kutoka juu kwenda chini, kama inavyotakiwa.

Niliporudi hospitali ilikuwa imepita saa moja na nusu. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Mfanyakazi wa usafi, mzee mmoja mwenye buti za mpira, alikuwa akilipangusa kwa dawa.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mama?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Ameondoka na gari la mikate. Yule dereva anayeleta mikate jikoni amemwonea huruma, na kiti chake kiko juu. Muuguzi kampigia dada yako, kasema apelekwe kwake." Akakamua tambara. "Alibanwa na haja. Tulimwambia, mama, twende chooni, akakataa. Alisema utakuja utamkosa. Basi ikamtoka hapahapa. Amelia sana."

Sasa nisikilizeni, nyinyi wawili, maana hili sijamwambia kiumbe. Nilipoyasikia maneno hayo, kabla ya huruma, kabla ya aibu, wazo la kwanza kabisa kunijia lilikuwa la ngozi ya kiti chako, wa manjano, ile ngozi nyeupe. Nilifikiri: afadhali hakuwa amekaa ndani. Ndivyo nilivyofikiri, mimi niliyebebwa mgongoni na mwanamke yule, niliyemwagia mgongo ule kila kitu anachomwaga mtoto. Wazo lilipita upesi. Lakini lilipita, na nililiona likipita, na lilikuwa na uso wangu.

Nikaenda nyuma ya ukuta nikatapika. Nilipotoka huko watu watatu walikuwa wakipiga picha nawe, mmoja ameegemea mlango wako, akaniuliza kwa heshima zote kama ningeweza kukuungurumisha kidogo.

Nilikwenda kwa dada. Njia ya kwake ni mashimo matupu, nikakuacha mbali, nikatembea. Alikuwa ameondoa nguo zake, ameondoa cherehani, amewahamishia watoto sebuleni na kumpa mama chumba chake mwenyewe, na yote hayo kwa muda ambao mimi nilikuwa nikingoja upate moto. Mama alikuwa ameoshwa, amevalishwa gauni la dada, mto umewekwa katikati ya magoti kama muuguzi alivyofundisha. Mezani palikuwa na mkate mzima, dereva aliuacha, hata jina lake hawakumuuliza.

"Pole na mizunguko," mama akaniambia. Yeye ndiye aliyenipa pole.

"Mama, nisamehe. Kile chumba..."

"Usijisumbue, mwanangu. Umeshachagua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi chagua taratibu. Dada yako ana kitanda kimoja tu, hakupata la kuchagua."

Ningetamani lingekuwa kijembe. Kijembe ningekijibu, ningekasirika, ningetoka nikibamiza mlango. Halikuwa kijembe. Alikuwa akinihurumia, na alinipapasa mkono kwa vidole vile vyenye makovu ya pasi. Dada alisimama mlangoni na taulo begani. Husemwa mshika mawili moja humponyoka. Mimi mawili yangu niliyashika barabara, na lililoniponyoka halikuwa mojawapo.

Nikatoka nje, nikasimama chini ya dirisha, nikampigia dalali wa magari. "Njoo leo," nikamwambia. "Njoo uondoe gari nyumbani kwangu, leo hii, jioni isiingie likiwa pale."

"Sawa, bosi. Wateja ninao, hata saa hii nakuja," akasema. "Tunachukua lipi?"

Ndani mama alikuwa akijifunza kushuka kitandani. Nilimsikia dada akimhesabia hatua: moja, mama, polepole, mbili, nishike mimi, tatu. Nilimsikia mama akiguna kwa maumivu, kisha akicheka kidogo kwa sababu amefika ya nne.

"Bosi? Lipi?"

Nilifungua kinywa niseme chukua yote. Wallahi nilikifungua. Na hapohapo nikaisikia injini yako, mwekundu, ikipanda kwenye kona; nikaiona milango yako, wa manjano, ikinyanyuka sokoni na watu wakinyamaza.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Hebu nifikirie."